Kuweka kijiti dakika tano, kukitoa miezi minne

Wiki iliyopita jirani yangu wa meza pale sokoni kaniuliza, mama Ivan hivi ile ishu yako ya damu iliishaje, nikaanza kumuelezea mteja akaja, nikaanza tena akaja mwingine anataka gauni la kipaimara, mwisho nikaona bora niandike yote humu mara moja na wengine wasome. Haya ni maoni yangu kuhusu huduma za uzazi wa mpango nilizopitia hapa Moshi tangu nijifungue mtoto wa pili. Mi sio daktari wala nesi, nauza mitumba Kiborloni. Majina ya vituo siweki, vile vibaya kwa sababu sitaki kesi na watu, na kile kizuri kwa sababu nikikitaja foleni itafika barabarani na mimi bado nina kadi pale.

Nianze na duka la dawa maana ndo nilikoanzia, na sidhani kama niko peke yangu. Mtoto alikuwa na miezi miwili, ananyonya, naenda dirishani nasema naomba vidonge vya majira, kijana ananipa paketi anapokea hela anamuita mwenye zamu. Hakuniuliza kama nanyonyesha, hakuniuliza presha, hata umri. Siku kama kumi nikawa na kichefuchefu kama nina mimba tena na nikaona maziwa yanapungua, mama mzazi akasema ni kwa sababu sinywi mtori wa kutosha, nikanywa mtori mpaka nikauchukia. Kumbe vile vidonge vilikuwa vya homoni mbili, na moja ndo hiyo estrojeni ambayo inaweza kupunguza maziwa, mama anayenyonyesha anatakiwa asubiri mpaka mtoto afike miezi 6. Vipo vya homoni moja kwa ajili ya wanaonyonyesha, kijana alikuwa navyo labda hata kwenye shelfu hiyo hiyo. Hapo sina nyota ya kutoa.

Nikahamia sindano, kituo cha karibu na nyumbani, cha serikali. Ile ya miezi mitatu, wengi tunaiita depo. Kwa uaminifu sindano yenyewe haikunitesa sana. Miezi ya mwanzo damu ilikuwa haieleweki, inakuja siku mbili inaondoka inarudi, baadae ikakata kabisa, karibu mwaka mzima sioni siku zangu. Hapo ndo maneno yakaanza, jirani ananiambia damu inajikusanya tumboni itakuja kuwa uvimbe, mwingine anasema ndo basi tena huzai. Nilikuja kuelezwa kwamba hakuna damu inayojaa popote, ile dawa inafanya utando wa ndani wa mfuko wa uzazi uwe mwembamba, sasa kama hakuna kilichojengeka hakuna cha kumwagika. Kuhusu kuzaa ni kweli sindano inachelewesha kidogo, ukiacha inaweza kuchukua miezi kadhaa hata karibu mwaka ndo ushike, kwahiyo kama mna mpango wa mtoto mwakani msiichague hiyo, ila haimfungi mtu kizazi. Na uzito niliongezeka, sitadanganya, nilitoka 62 nikafika 70, sasa sijui ni sindano au ni chipsi mayai za pale stendi tugawane lawama.

Kilichonitoa kwenye sindano sio mwili ni kituo. Tarehe yangu imefika nafunga meza naenda, "dawa imeisha mama, njoo wiki ijayo." Wiki ijayo naenda, "bado haijaletwa." Hakuna aliyeniambia nitumie kondomu wakati nasubiri, na hakuna aliyeniambia kwamba hata ukichelewa mpaka wiki nne bado unachomwa kama kawaida. Hilo nililijua baadae sana. Mi nikapaniki nikaenda kununua P2, vile vidonge vya kuzuia mimba baada ya tendo, na wiki ile ile nikanunua tena, na P2 jamani ni ya dharura, ndani ya masaa 72 na mapema ndo bora, sio pipi ya kila wiki. Nilivurugika tumbo na kichwa siku tatu.

Sasa kijiti. Kulikuwa na siku ya huduma kwenye kituo kimoja cha binafsi, wametangaza na spika kwenye gari, bure. Nikaenda, tulikuwa wengi kama foleni ya kura. Ile ya kijiti kimoja, miaka 3, kile cha homoni ya miligramu 68 kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono upande wa ndani. Dakika tano umemaliza, ganzi, chuma, plasta, anayefuata. Mi natumia mkono wa kushoto, wakaniwekea kushoto, hakuna aliyeuliza wakati inatakiwa kiende mkono usioutumia sana, kesho yake nafungua belo mkono unauma kama nimepigwa na mwiko. Nikauliza kuna madhara gani, dada akajibu "kidogo tu, mwili utazoea", akanisogeza.

Mwezi wa kwanza sawa. Wa pili nikaanza kuona matone, nikasema kidogo tu si ndo walisema. Wa tatu sio matone tena. Siku 19 mfululizo, zinapumzika tatu nne, zinaanza upya. Sijui kama mwanaume anayesoma hapa ataelewa maana ya kukaa sokoni kutwa na hali hiyo, choo cha kulipia kila ukienda hela, pedi kila wiki, suruali nyeusi tu kila siku mpaka wateja wakadhani nimefiwa. Nguo za mtumba lazima uiname uzichambue, nikiinama naogopa nikisimama naogopa. Kichwa kinagonga, hasira za bure, mtoto akimwaga uji nalia mimi badala ya yeye. Baba Ivan mwanzo alidhani simtaki, baadae akadhani naumwa kitu kikubwa, akaanza kuniletea ini na mboga za majani kila jioni, sio mtu wa maneno huyo.

Nikarudi pale pale nikitoe. Mara ya kwanza naambiwa vumilia, hujafikisha miezi sita. Mara ya pili, anayetoa hayupo, aliyekuja siku ile alitoka mbali. Yani waliowaweka watu foleni nzima hawakuacha hata mmoja wa kutoa! Mara ya tatu nimeenda sehemu nyingine ya kulipia, mtu ananiambia njoo na mumeo kwanza, nikamuuliza wakati wa kuweka mbona hakuna mtu aliyeulizwa mume, akasema ndo utaratibu, alafu akataja elfu 30. Miezi minne hiyo. Mi nauza nguo, mteja akijaribu gauni likambana naliweka mezani ananyoosha mkono kwenye lingine, sijawahi kumwambia mtu avumilie litamzoea.

Aliyeniokoa ni wifi yangu. Yeye ana kijiti hicho hicho mwaka wa pili huu, hana hata maumivu ya kichwa, siku zake zimepungua anafurahia maisha, kwahiyo msitoke hapa mkisema mama Ivan kasema kijiti kibaya. Kijiti ni kati ya njia zinazozuia vizuri kuliko zote, wanawake 1000 wakikitumia mwaka mzima labda mmoja ndo anapata mimba. Ila wifi kawekewa kwenye zahanati moja ya serikali huku chini ya mji, na akaniambia neno moja, nenda kwa nesi wa chumba cha mwisho.

Nikaenda Jumanne, nimefika saa moja na nusu, mlangoni kuna lile bango la Nyota ya Kijani, alama ya uzazi wa mpango, limepauka. Nesi mtu mzima, miwani shingoni. Akaniuliza "mama, nini kinakusumbua?" alafu akanyamaza, akasubiri nimalize. Nilizungumza kama dakika kumi, nikalia kidogo, akanipa pamba. Baada ya hapo ndo maswali, damu inatoka siku ngapi, pedi ngapi kwa siku, unatumia dawa za TB au za kifafa au ARV (kumbe kuna baadhi ya dawa zinapunguza nguvu ya kijiti), maumivu ya tumbo, harufu. Akapima presha, akapima wingi wa damu, nilikuwa 10, akapima na mimba maana damu isiyoeleweka sio lazima iwe kijiti, inaweza kuwa mimba, maambukizi, au uvimbe. Hicho kitu sehemu zote nne hakuna aliyewahi kukifikiria.

Alafu akanipa uchaguzi. Akasema naweza kukutolea leo hii hii ukitaka, mkono wako ni wa kwako. Au tujaribu kwanza kuituliza damu, kuna ibuprofeni ya siku tano unakunywa baada ya kula kama huna vidonda vya tumbo, ikishindikana kuna vidonge vya majira vya siku 21, vinatuliza wengine. Yani kusikia tu kwamba naweza kutoka na kijiti leo nikapata nguvu ya kusema haya tujaribu! Nikanywa ibuprofeni, damu ikakata wiki mbili na nusu, ikarudi. Nikarudi na mimi. Hakusema vumilia, akasema "haya vua sweta." Ganzi, akachana ngozi kidogo, kijiti kikatoka, akanionyesha, ka kama njiti ya kiberiti lakini laini, sentimita 4. Nilikitazama kitu chenyewe kidogo kilichonifanya nivae nyeusi miezi yote ile nikacheka. Dakika kama kumi na tano na sikulipa hata mia. Akanipa na vidonge vya kuongeza damu.

Siku hiyo hiyo akaniuliza unataka nini baada ya hapa, au hutaki kitu. Akaweka mezani vyote nivishike. Nikachagua kitanzi cha shaba, kile kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi na hakina homoni, kwa sababu nilishachoka na homoni. Hapo alinikatalia kidogo, akasema kitanzi hiki chenyewe kinaongeza damu ya hedhi na maumivu miezi mitatu mpaka sita ya mwanzo, na wewe damu yako iko chini, tupandishe kwanza. Nikatumia kondomu miezi miwili, nakunywa vidonge vya damu, nikarudi niko 12, akaniweka. Kuweka kunauma, wasiwadanganye kwamba ni kama kung'atwa na sisimizi, ni mbano mmoja mkali wa tumbo kama uchungu unaoanza, alafu unaisha. Hedhi tatu za mwanzo zilikuwa nzito kweli, chupa ya maji ya moto tumboni, ya nne ikashuka. Sasa hivi ni mwezi wa kumi na moja tangu kiwekwe, hedhi siku tano, basi. Kinakaa mpaka miaka 12 na ukikitoa unaweza kushika mimba mwezi huo huo.

Baba Ivan alilalamika kuhusu ule uzi wa kitanzi unaobaki ukeni wiki za mwanzo, nikaona aibu kwenda kusema, nesi akaniambia kila wiki anasikia hilo, akaukata ukawa mfupi. Mama mkwe yeye yuko Kibosho, hajui chochote, Desemba alinishika tumbo akasema mwanangu hapa mbona kimya, nikamwambia Mungu hajapanga mama. Kuna anayesema humo humo ukoo kwamba kitanzi kinapanda mpaka moyoni, jamani mfuko wa uzazi hauna njia ya kwenda moyoni. Kinaweza kuteleza kikatoka, ndo maana unajifunza kupapasa uzi na unarudi kukaguliwa wiki kadhaa baada ya kuwekwa. Na hakizuii UKIMWI wala kaswende wala chochote cha hivyo, kama huna uhakika na mwenzio kondomu iko pale pale. Ukiwa na kitanzi ukikosa siku zako, au tumbo likauma sana na homa, usisubiri tarehe ya kadi, nenda.

Kasoro za zahanati zipo. Chumba kina pazia badala ya mlango, niliyekuwa naye kwenye benchi alinijua mpaka idadi ya pedi, hilo walirekebishe. Nesi ni mmoja, akiwa kwenye semina huduma ya kutoa na kuweka inalala, piga hesabu ya kurudi. Glavu ziliisha siku moja nikatumwa kununua. Nendeni kabla ya saa mbili asubuhi, vaeni kitu chenye mikono mifupi kama ni kijiti, na kama ni kitanzi mle kabisa, kuna dada alizimia kwenye korido sio kwa kitanzi ni kwa njaa.

Nyota nne. Ya tano nimeibana kwa sababu ya lile benchi la nje halina mgongo, masaa matatu pale na mtoto mgongoni mtanitafuta.