Uzoefu wangu: nimeongeza ridihedi (readahead, kusoma mbele) kwa disiki ya zamani, harusi zinakopika

Studio yetu iko Nyawera, Bukavu, kazi ni picha na video za harusi, na kila siku ya posho batu banakuja na maflashi yabo, wote saa moja. Mashini ni ya Linux, mfumo wa faili ni ext4, disiki bado ile ya kuzunguka, mizunguko 5400 kwa dakika. Ukikopia kwa flashi moja iko sawa, ukichomeka ya pili unasikia tu ndani krr krr krr na kopi inasimama kama lori mu matope.

Rafiki moja akaniambia weka noatime, ni kusema mashini isiandike saa kila faili inafunguliwa. Niliweka, sikuona kitu, juu tangu 2009 Linux yenyewe inatumia relatime, ndugu yake, haiandikake tena saa kila ukifungua faili.

Kilichosaidia njo ridihedi, ni kusema mashini inasoma mbele kabla haujaomba. Kawaida ni sekta 256, KB 128 tu, kisha kichwa cha disiki kinaruka kwa video ingine, kinarudi, kinaruka tena, na kila kuruka kunakula milisekunde 10 na zaidi. Nikapiga sudo blockdev --setra 4096 /dev/sda (sda ni jina la disiki yangu), hizo sekta 4096 ni MB 2 kwa mara moja. Harusi mbili za GB 4, flashi mbili pamoja: mbele ilikuwaka dakika 20, sasa ni 9 hivi. Ila jaribu na video ambayo haujafungua leo, mimi mara ya kwanza nilishangilia bure kumbe ilikuwa inatoka mu RAM. Na hdparm -t, komandi ya kupima mwendo wa disiki, haitakuonyesha kitu (yangu MB 84 kwa sekunde ikawa 85), juu yenyewe inasoma mustari moja bila kuruka.

Kasoro? Ukizima mashini inasahau yote. Na sisi huku umeme unavyokatikaka! Siku moja nilirudia komandi mara tatu mteja akiniangalia, usiku njo nikaandika read_ahead_kb 2048 mu kanuni ya udev (ile Linux inafuata kila inapoona disiki), tangu hapo inajiweka yenyewe.

Kwa folda za picha ndogondogo elfu na elfu haisaidie hata kidogo, unafungua unaenda kunywa chai. Pale ni SSD tu, disiki isiyozunguka, na yangu inangoja pesa ya harusi za mwezi wa nane. Naipa 4 kwa 5, ni ya bure.