Sanskrini ya elfu 78 na ya elfu 32: tazameni mikono yangu

Haya wapendwa, sogeeni. Leo salamu fupi tu, maana nina hasira na hii tyubu na nataka muione kabla haijakauka. Mkono wa kushoto nimepaka sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, ya shilingi 78,000, mililita 50. Mkono wa kulia ya shilingi 32,000, mililita 200. Zote SPF 50, ile namba ya kiwango cha kinga ya jua. Majina nimeyafunika kwa plasta kwa sababu sijalipwa na mtu, na sitaki video igeuke tangazo.

Ngojeni nije hapa dirishani penye mwanga. Mnaona? Nasugua huu wa kushoto. Nimehesabu hadi 20, bado. Hadi 30, bado! Jamani, utadhani nimetoka kukanda unga wa chapati. Hapa kwenye mikunjo ya vidole ndiyo imeganda kabisa. Na tazameni shati langu jeusi, nimeligusa mara moja tu, hilo doa jeupe hapo. Hii ni sanskrini ya madini: ndani kuna oksidi ya zinki na dioksidi ya titani, unga mweupe, na kwenye ngozi kama yangu unaleta rangi ya majivu. Sisemi zinki ni mbaya. Mwenye ngozi inayowashwa kila akipaka kitu, zinki inamfaa sana. Lakini kwa elfu 78, kampuni ikijua inauza Dar es Salaam, ingetufikiria na sisi weusi.

Mkono wa kulia nimesugua hadi 12, imezama. Haionekani. Kasoro yake ni moja: ukitoka jasho ikaingia machoni, inachoma. Juzi nimeshuka mwendokasi pale Kariakoo machozi yananitoka. Kwa hiyo karibu na macho napaka kidogo, halafu navaa miwani.

Sasa hili ndilo lililonifanya nirekodi leo. Ile namba ya SPF hupimwa maabara kwa miligramu 2 kwenye kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Hiyo ni nyingi! Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili, kwenye kidole cha shahada na cha kati, hivi, kutoka shina hadi ncha. Wengi wetu tunapaka nusu ya hapo au pungufu, kisha tunasema SPF 50 haifanyi kazi. Kinga uliyoilipia haijafika usoni.

Piga hesabu na mimi. Mistari miwili ni kama mililita 1.2. Tyubu ya elfu 78 inakupa kama mara 40, yaani 1,950 kila ukipaka. Chupa ya elfu 32 inakupa zaidi ya mara 160, yaani hata shilingi 200 haifiki kila ukipaka. Na ukikaa juani unatakiwa kurudia kila baada ya saa mbili. Nina rafiki yangu, tyubu kama hii anayo tangu Idi na bado imejaa. Anaidona kama manukato! Madoa yake yamezidi, na mimi inaniuma kwa sababu ametoa hela nyingi.

Na bei inapanda tu. Tyubu hii hii ya elfu 78 mwaka jana niliichukua kwa 65,000. Mnaoniuliza za Korea, nyepesi kweli, nazipenda, ila tazameni tarehe ya mwisho na lakiri kabla hamjalipa, na msinunue iliyoanikwa juani kwenye meza. Joto linaiharibu.

Eeh, kabla sijasahau: kuanzia wiki ijayo video ni Jumanne na Jumamosi. Mojawapo itakuwa ya Kilisun, sanskrini ya Moshi, iliyoanzia hospitali ya KCMC, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Kwao jua ni suala la saratani, na ningependa kila anayenitazama aijue. Kama hujajiunga, bonyeza hapo chini.

Nirudi kwenye bei. Kuna sehemu moja nalegeza msimamo. Kama una melasma, yale madoa ya kahawia usoni, au chunusi zikipona zinaacha weusi, tafuta yenye rangi ya ngozi, ile yenye oksidi ya chuma. Mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho nao huongeza madoa kwenye ngozi nyeusi, na sanskrini isiyo na rangi haiuzuii vizuri. Hiyo ikiwa ghali, kwa mwenye madoa naiunga mkono, mradi apake vidole viwili. Wewe usiye na shida hiyo, chukua ya elfu 32, hakikisha imeandikwa UVA kwenye duara au PA yenye alama za kujumlisha nyingi, zote zikionyesha kinga dhidi ya miale ya jua ya UVA, na uimalize.

Ngojeni ninawe. Sabuni ya kawaida... kulia imetoka. Kushoto, sogeza kamera, hapa kwenye kucha, bado ipo.