Toyota Aqua bila tairi la spea: uzoefu wangu wa miaka mitatu na dawa ya pancha

Gari lilipotoka bandarini mwaka 2021 nilifanya kile nilichokuwa nikimwona marehemu baba akifanya kila aliponunua gari: nilifungua buti, nikanyanyua zulia, nikatafuta spea. Sikuiona. Chini ya zulia kulikuwa na sponji lililochongwa, na ndani yake pampu ndogo ya umeme pamoja na chupa iliyoandikwa Kijapani juu mpaka chini. Nikajua nimeshaibiwa. Nilimpigia simu wakala huku nimepandisha sauti, akacheka. Akaniambia Aqua ndivyo zilivyo: huko Japani nyingi ziliuzwa na hiyo chupa ya dawa ya kuziba pancha na pampu, spea ilikuwa ya kuagiza na kulipia zaidi. Na siyo Aqua tu, vigari vingi vidogo vya miaka hii viko hivyo, hasa vya haibridi (petroli na umeme), kwa sababu wanapunguza uzito na kutafuta nafasi.

Jeki nayo haikuwepo, wala spana ya tairi. Ukifikiri vizuri ni sawa tu, jeki ya nini kama huna tairi la kubadilisha? Hilo wakati huo halikunishtua. Kumbukeni lakini, tutalirudia.

Wiki chache baadaye nikiwa nimepaki kazini niliitazama ile chupa vizuri. Kijapani sijui, ila tarakimu ni tarakimu: tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa 2018. Hii dawa ni maji mazito yenye utomvu wa mpira ndani yake, na ikikaa sana inaganda au inajitenga. Kama umenunua gari lililotumika Japani na lina hicho kichupa, nenda kakisome leo. Mimi nilinunua kipya Kariakoo kwa shilingi 38,000, kinachoingia kwenye pampu ileile, nikajiona nimemaliza.

Pancha ya kwanza ilikuja Kibaha, asubuhi, natokea msibani. Tairi la nyuma kulia lilikuwa limemeza skrubu ya kupigia mabati, katikati kabisa panapokanyaga lami. Nikasema leo ndiyo leo. Maelekezo yanasema usichomoe kilichochoma, basi nikaiacha skrubu mahali pake. Nikafunga chupa kwenye pampu, mpira wa pampu kwenye valvu ya tairi, waya kwenye tundu la sigareti, gari nikaliacha linawaka. Mshale wa upepo ulipanda ghafla mpaka juu sana, moyo ukanipasuka nikidhani tairi linalipuka, kumbe ni dawa inasukumwa kupita kwenye valvu. Dakika moja hivi ukashuka, halafu ukaanza kupanda polepole kama kawaida. Nilipofika 220 kwenye kipimo chao, ambayo kwa mafundi wetu ndiyo "thelathini na mbili" (psi), nikazima. Nikaendesha kama kilomita tano bila kuzidi 80, ili dawa izunguke ndani na kujipaka, nikasimama, nikapima tena. Upepo uko palepale.

Nisiidhulumu: ilifanya kazi, na vizuri. Shati langu la msibani halikuguswa na vumbi. Dakika 15 nilikuwa nimeshaondoka, sikuinua kitu, sikupiga magoti kwenye changarawe. Mama mjamzito, mzee mwenye mgongo, dada aliye peke yake usiku mahali asipopaamini, kwao hicho kichupa ni neema.

Ila sasa sikilizeni hesabu yake. Mita kama 300 kutoka pale niliposimama kulikuwa na fundi pancha, kando ya kituo cha daladala, na kompresa yake inanguruma. Nilimpita nikiwa na upepo wangu wa thamani. Angenitoza 5,000. Na bado nilipofika mjini ikabidi nimtafute fundi mwingine tu, kwa sababu ile dawa ni ya kukufikisha, haikusudiwi uishi nayo. Huyo naye alipoling'oa tairi kwenye rimu, maji meupe yakammwagikia miguuni. "Bosi, nani kakuwekea uji humu?" Akaosha, akakausha, akasugua, akabandika kiraka kwa ndani, akanidai 15,000, na nusu yake ni ya kunisimanga. Chupa ni ya kutumia mara moja, kwa hiyo nikanunua nyingine, 38,000 tena. Pancha ya msumari mmoja ikanila zaidi ya elfu tisini.

Hata hivyo sikununua spea. Niliona buti linanitosha, na safari zangu ni za humu Dar: Mbezi, Posta, Mbezi.

Mwaka jana tukaenda Iringa, kwa wakwe. Mimi, mama watoto, watoto wawili. Morogoro tumepita salama, Mikumi tumeikata mbugani watoto wanahesabu twiga. Tulipoteremka kwenye lile bonde la mibuyu kabla ya Ruaha Mbuyuni, basi moja likaanza kuyapita malori kwenye kona, likaja upande wangu. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kutoka nje ya lami. Ukingo wa lami pale umeliwa, umebaki kama meno. Nikasikia "paa!", usukani ukavuta kushoto. Saa nane mchana, jua la bonde lile wanaolijua wanalijua.

Nikatoa chupa yangu mpya kwa kujiamini kabisa. Nilishaizoea, nikafunga haraka haraka, nikawasha. Mshale ukapanda, ukashuka, ukabaki chini. Mtoto wangu wa kwanza ndiye aliyeona: "Baba, tairi linatoa maziwa." Kweli, ubavuni mwa tairi kulikuwa na mpasuko wa urefu wa kiungo cha kidole, na 38,000 yangu inatiririka kwenye vumbi. Hizi dawa zinaziba tundu dogo, la milimita nne au zaidi kidogo, tena kwenye uso wa tairi unaokanyaga barabara. Ubavu haziwezi. Ubavu unajikunja kila gurudumu linapozunguka, hata ikiganda itafunguka. Maelekezo yanasema hivyo wazi, na mimi nilikuwa nimeyasoma. Kusoma ni kitu kimoja.

Hapo ndipo nilipoikumbuka jeki. Wazo la kawaida lilikuwa nilivue tairi, nilipakie kwenye bodaboda, liende Ruaha Mbuyuni likafungwe tairi la mtumba. Utalivuaje bila jeki na spana? Lori lililokuwa linaelekea Tunduma likasimama, utingo akashuka na jeki yake. Mungu ambariki, ila jeki ya lori ni ndefu, na Aqua yenyewe iko chini, ukiongeza na tairi lililolala haiingii hata kwa kuchimba. Alichotusaidia ni kutukatia matawi akayapanga barabarani nyuma yetu, kwa sababu pembetatu yangu moja aliiona ni mzaha kwenye kona ile.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja na Toyota IST yake, ametoka Morogoro. Akaniuliza, "Spea iko wapi, mwanangu?" Nikamwambia gari halina. Akaniangalia kama niliyemwambia gari halina breki. Lakini alikuwa anajua kitu ambacho mimi sikukijua: rimu ya IST yake ya zamani na ya Aqua zina nati nne zenye nafasi ileile, mia kwa mia kama mafundi wanavyosema, na tundu la katikati ni moja. Akatoa jeki yake, spana yake, na spea yake, lile tairi jembamba la dharura. Dakika 20 likawa limefungwa. Akaliongeza upepo kwa pampu yangu, maana hayo matairi membamba yanataka 60 na lake lilikuwa limebaki na nusu. Basi ndiyo kazi pekee ya maana ambayo kile kisanduku changu kilifanya siku hiyo. Akasema, "Tangulia, usizidi 80, mimi niko nyuma yako." Akatusindikiza mpaka Ruaha Mbuyuni, akakaa anakunywa soda tukinunua tairi la mtumba, 185/65 R15, kwa 55,000. Langu lilikuwa 175, la saizi hiyo halikuwepo hata moja, ila lile lilikaa kwenye rimu likatufikisha. Nilipotaka kumlipa akakataa. Mama watoto akamnunulia gunia la vitunguu kwa nguvu. Namba yangu anayo, na mpaka leo huwa ananipigia kuniuliza kama nimenunua spea.

Nimenunua, mzee. Wiki hiyohiyo niliyorudi. Rimu ya chuma ya inchi 15 na tairi la 175/65 lililotumika kidogo, mtaa wa Gerezani hapa Dar, 90,000. Jeki ya mkasi 30,000, spana ya msalaba 15,000. Jumla haifiki chupa nne za dawa. Rimu za inchi 14 zilikuwepo za bei nafuu zaidi na zinaingia, ila tairi lake ni fupi kuliko mengine matatu, na sikutaka kulifunga mbele halafu nipande nalo mlima wa Kitonga.

Sasa niseme ubaya wake, maana upo. Lile tundu la chini ya zulia halilitoshi tairi zima, kwa hiyo linalala juu, na buti limebaki la mikoba miwili na ndoo. Mizigo imehamia kiti cha nyuma, na hapo wenye Aqua muwe macho: kiti cha nyuma ndiko betri kubwa inakovutia hewa ya kujipoza, ukiweka gunia la viazi likaziba ile dirisha ndogo ya hewa unatafuta gharama ambayo hata spea kumi hazifiki. Pili, spea inasahaulika. Miezi mitano baada ya kuinunua niliipima, nikakuta upepo 14. Siku hizi kila nikijaza upepo namwambia fundi apime matairi matano, siyo manne. Na wakati wa kununua tazama zile tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nilionyeshwa moja linang'aa kama jipya, kumbe limetengenezwa kabla sijaoa. Tatu, kulibadilisha ni kazi. Mama watoto amejaribu mara moja nyumbani, nati zilizokazwa na mashine ya fundi zikamshinda, mpaka nilipomwonyesha kusimama juu ya mkono wa spana.

Kwa hiyo mtu akiniuliza namwambia hivi. Gari lako halitoki Dar, chupa inakutosha, na hata hiyo chupa huihitaji sana: pampu peke yake itakujazia upepo wa kukufikisha kwa fundi pancha, naye yuko kila kona. Ile dawa inatibu pancha ambazo hata bila yenyewe zisingekulaza njiani. Zinazokulaza njiani ni za ubavu na za shimo lililopinda rimu, na hizo haina habari nazo. Ukivuka Chalinze, weka spea, na uhakikishe jeki inaingia chini ya gari lako, siyo la jirani.

Chupa ya tatu bado ninayo, ya mama watoto akitoka peke yake usiku. Pampu naipa alama tisa kwa kumi. Dawa, nne. Spea ya Gerezani naipa nane, moja nimeikata kwa sababu ya buti, nyingine kwa sababu kila nikipita tuta inagonga. Nimeifunga kwa mkanda wa bodaboda, nimeweka na blanketi chini, bado inagonga. Mwenye Aqua aliyepata njia ya kuifunga ikatulia, anielekeze.