Friwili yangu ina bei kuliko baiskeli yenyewe (uzoefu wangu na baiskeli ya trayali hapa Dar)

Baiskeli niliinunua elfu 150 pale Ilala kwenye rundo la mtumba, friwili yake peke yake (ile giya inayoshika ukikanyaga na kuzunguka bure ukiacha) imenitoka elfu 230. Mama watoto akisoma hapa nimekwisha. Ila wacha niandike tu maana mimi nilipokuwa natafuta maelezo ya hizi baiskeli za trayali, za kuruka juu ya mawe na kuta, kwa Kiswahili sikukuta kitu, na najua kuna watu wanaziona zikishushwa kwenye makontena wanazipita wakidhani ni mabovu.

Nilienda kutafuta BMX ya mtoto wa dada. Nikawa napekua pekua, nikakutana na kitu kifupi, fremu imelala chini kabisa, tairi la nyuma dogo na nene kuliko la mbele, alafu haina siti. Namuuliza muuzaji siti iko wapi, ananiambia "bosi imekuja hivyo hivyo, wameichomoa hukohuko, utatafuta yako". Nikatazama pa kuchomeka siti, hakuna. Yani fremu haina hata tundu. Mwenyewe kuona nashangaa akaanza kushusha bei, 220, 200, 180, mpaka 150, kwa sababu ya siti ambayo haikuwepo tangu kiwandani. Nikakaa kimya nikalipa.

Fremu imeandikwa Monty. Usiku kwenye simu ndo nikajua Monty ni Wahispania na mchezo wenyewe umetokea Katalunya hukohuko Hispania, kuna mzee Pere Pi alikuwa anaendesha pikipiki za Montesa kwenye mawe, mwanae Ot akawa anafanya yale yale kwa baiskeli mpaka akaja kuwa bingwa wa dunia. Mchezo ni huo tu: unapita juu ya mawe, magogo, kuta, bila kuweka mguu chini. Mashindano ya UCI (chama cha baiskeli cha dunia) yana daraja la inchi 20 na la inchi 26, na mguu ukigusa tu unaadhibiwa. Wengi tunamjua Danny MacAskill, yule Mskoti wa video ya Edinburgh ya 2009 anayepita juu ya uzio wa chuma, lakini yule ni wa mtaani zaidi na baiskeli yake ina siti. Yangu ni ya mashindano, ya kusimama mwanzo mwisho, ukitaka kuendea sokoni utaumia mgongo. Usinunue kama unatafuta usafiri.

Sasa kuhusu kujifunza, na hapa ndo watu wanachoma hela. Kabla hujanunua kitu chochote, simama. Nina maana hiyo hiyo, kusimama juu ya pedeli baiskeli haiendi. Miezi miwili ya kwanza sikuruka hata kokoto, nilikuwa nasimama nyuma ya gereji ya jirani hapa Tabata, mafundi wananicheka, "huyu ameharibikiwa au anasubiri nini". Pedeli zilale usawa, mguu wako uliouzoea uwe mbele (wangu ni wa kushoto japo mpira napiga kulia, huwezi kujua mpaka ujaribu yote miwili), usukani uugeuze kidogo kuelekea upande wa mguu wa mbele, macho yaende mita tatu nne mbele. Ukitazama tairi unaanguka, sijui kwanini lakini ni hivyo. Siku ya kwanza nilifika sekunde 4. Mwisho wa mwezi wa pili nilikuwa naweza kupokea simu.

Baada ya hapo kuna kudunda kwa tairi la nyuma, na hapa nilikosea wiki tatu nzima kwa sababu nilikuwa navuta usukani kwa misuli ya mikono. Hapana. Unabana breki ya nyuma, unakunja magoti, alafu unanyoosha miguu huku makalio yanarudi nyuma, mikono imenyooka kama kamba tu, mbele inanyanyuka yenyewe. Nilipoelewa hilo mabega yaliacha kuuma siku hiyohiyo. Ukishakuwa juu ya tairi la nyuma unadunda dunda ili usianguke, ukiona unaangukia nyuma unaachia breki kidogo na tairi la mbele linarudi chini. Kidole cha kubania breki kiwe kimoja tu, vingine vishike usukani, mimi nilianza na vidole viwili na ilinichukua muda kuacha.

Alafu sasa ndo unafika kwenye kupiga pedeli. Uko juu ya tairi la nyuma, unaachia breki, unakanyaga pedeli ya mbele robo mzunguko kwa nguvu zako zote, unaruka, unabana breki kabla hujatua. Yote hayo kama unavyopiga chafya. Na ndo hapo friwili inapoingia.

Kwenye baiskeli za kawaida friwili iko nyuma, kwenye hizi iko mbele pale kwenye krenki (ile mikono ya pedeli), nyuma kumefungwa giya isiyozunguka bure. Kwahiyo mnyororo unazunguka muda wote tairi linapozunguka hata kama hukanyagi, chunga suruali na chunga vidole vya watoto. Ya kwangu ilikuja na friwili iliyochoka, inateleza. Fundi akaniambia hii nyuzi yake ni sawasawa na ya friwili ya kawaida, na kweli, ni kipenyo cha inchi 1.37 na nyuzi 24 kwa kila inchi, ya dukani inaingia kama ilitengenezwa kwa ajili yake. Meno 18, elfu 8. Nikajiona mjanja kuliko Wahispania wote.

Ngoja nikupe hesabu ambayo ningeifanya kabla. Ile ya elfu 8 niliizungusha taratibu nikahesabu inapolia tak, tak, nikapata 20. Mzunguko ni digrii 360, kwahiyo kila baada ya digrii 18 ndo inanasa. Krenki yangu ina milimita 160, maana yake pedeli inaweza kushuka bure karibu sentimita 5 kabla ya kushika. Ukiwa barabarani huwezi kusikia hata. Ukiwa umesimama kwenye tairi moja juu ya ukuta wa matofali, sentimita 5 za hewa ni kitu kingine kabisa, mwili umeshaondoka na baiskeli bado haijaambiwa. Nikawa nimezoea kuibembeleza kwanza inase ndo nikanyage, inafanya kazi, mpaka siku ambayo vile vikucha vya ndani vilinasa nusu vikaachia. Mguu ukaenda chini wote, goti likapiga usukani, pedeli ikarudi ikanichana ugoko, nikashonwa nyuzi nne. Ukuta wenyewe ulikuwa haufiki hata kiunoni. Aliyeniuzia friwili simlaumu, aliuza friwili ya kwenda kuchota maji na mimi nikaipeleka vitani.

Binamu yangu yuko Uingereza, akija Desemba akaniletea friwili ya Echo ya kunasa mara 108 kwa mzunguko. Hiyo ni digrii 3 na kidogo, pedeli haishuki hata sentimita moja. Siku ya kwanza niliyoifunga nilifikiri nimekuwa bora ghafla, kumbe nilikuwa nimejifunza kucheza na ubovu muda wote ule. Nimeitumia mwezi wa 14 sasa, haijateleza hata mara moja. Ila nikuambie ukweli, kuna za kunasa 72 ambazo White Industries wanatengeneza na wengine pia, hiyo ni digrii 5, pedeli inashuka sentimita moja na nusu hivi, na kwa mtu anayeanza sidhani kama utaona tofauti na 108. Kinachotakiwa ni isiteleze, basi. Na ukiagiza agiza na kifaa chake cha kufungulia, kwa sababu kila unapokanyaga inajikaza zaidi, mimi ya zamani ilitolewa kwa patasi na nyundo na krenki ikabaki na kovu. Ndani weka mafuta mepesi, usimruhusu fundi aijaze grisi nzito, vikucha vinagandana na utarudi kwenye habari ya ugoko.

Kitu cha pili cha kutolea hela ni breki ya nyuma, na hapo sikutoa nyingi. Ilikuja na Magura HS33, hii inabana rimu lakini kwa mafuta sio kwa waya. Nilidhani imekufa kwa sababu ilikuwa inateleza hata kwenye mteremko mdogo. Tatizo rimu ilikuwa laini kama kioo. Wenye mchezo wao wanaikwaruza rimu kwa grainda! Nilipomwambia fundi wa mageti achukue grainda apitishe kwenye rimu nzima aliniangalia mara mbili. Sio kukata jamani, ni kugusa tu, mikwaruzo midogo midogo ya kukingama ubavu wote ambao pedi inagusa. Nikafunga na pedi mpya alizokuja nazo huyohuyo binamu, elfu 75. Aisee. Inabana mpaka inalia kama mbuzi wa Idd, jirani anajua nimeanza mazoezi hata kama yuko ndani. Pedi zinaisha haraka kuliko kwenye rimu laini, na baada ya miezi sita saba inabidi upige tena grainda, lakini ndo bei ya kusimama pale unapotaka. Kidole chenye mafuta kikigusa rimu umeharibu kazi yote, kwahiyo kupaka mafuta mnyororo natumia kitambaa kuziba upande wa rimu. Mafuta ya ndani yakipungua wapo wanaojaza maji tu, Ulaya wanachanganya na dawa ya kuzuia yasigande, sisi huku hatuna hofu ya kuganda hata hivyo mimi nimebaki na mafuta yake.

Mnyororo nimeweka KMC ule mpana wa inchi 1/8, na hiyo sio anasa, ukikatika wakati umekanyaga kwa nguvu unaanguka vilevile kama friwili imeteleza. Uwe umekazwa. Pale kwenye ekseli ya nyuma kuna vipande viwili vina umbo la konokono, unavizungusha tairi linarudi nyuma taratibu mpaka mnyororo usilegee, hakikisha pande zote mbili zimezunguka sawa la sivyo tairi linakaa upande.

Matairi sasa, ndo maumivu. La mbele ni inchi 20 kama BMX, Kariakoo yamejaa. La nyuma ni inchi 19, na usihangaike, nimezunguka maduka siku mbili, la BMX haliingii na ukiuliza 19 wanakuletea la pikipiki. Ukikuta hizi baiskeli Ilala tazama tairi la nyuma kabla ya kitu kingine, kama limekwisha punguza bei kabisa au achana nayo. Upepo naweka kidogo sana nyuma, kama PSI 20 hivi na mimi nina kilo 68, likibonyea linashika jiwe. Likizidi kuwa laini rimu inagonga na tyubu inapata pancha ya matundu mawili kama umeng'atwa na nyoka, nimeziba nyingi mpaka mziba pancha akanipa bei ya jumla.

Ambavyo nilinunua na sikuvihitaji: glovu za bei, usukani mwingine (ule wa mwanzo ulikuwa mzuri tu, nilifuata rangi), na boliti nyepesi ambazo mtu aliniaminisha zitapunguza uzito. Gramu 40. Mimi ningepunguza ugali. Ambavyo sikununua mapema nikajuta: kinga za ugoko. Zile za mpira wa miguu zinatosha kabisa, elfu 10, pini za pedeli hazina huruma.

Na Coco Beach. Maji yakitoka yale mawe ya matumbawe ni uwanja ambao mtu wa Ulaya angelipia kiingilio, makali makali yanashika tairi vizuri, mashimo ya kila urefu. Nilikuwa naenda kila Jumapili asubuhi. Wiki ya tano beringi za habu zikaanza kusaga, mnyororo ukawa mwekundu, chumvi haina urafiki. Siku hizi naenda mara moja kwa mwezi na nikirudi naiosha kwa maji baridi kabla sijaoga mwenyewe, siku nyingine ni paleti za mbao na tairi kuukuu la lori pale gereji. Paleti nne zikipangwa napanda nikiwa nimesimama, ya tano bado inanikataa, tena ya kuruka ubavu upande wa kulia ndo sijui kabisa, kushoto naenda, kulia naogopa.

Tairi la nyuma limebakiza vifundo vya pembeni tu, katikati limekuwa upara. Binamu anasema Desemba mzigo wake umeshajaa, kama kuna mdau anatoka Uingereza au Hispania kabla ya hapo na ana nafasi ya tairi moja kwenye begi aniambie, nitalipia na usafiri.