Ruta ya Laini: Maneno ya Kwenye Boksi Yanamaanisha Nini

Habari zenu watazamaji, karibuni tena hapa Mtwara. Leo mezani nina ruta ya laini, yaani kifaa kinachochukua intaneti kwa laini ya simu na kuisambaza kwa waifai, hizi nyeupe za antena mbili zilizojaa maduka ya simu siku hizi. Tutakaa zaidi kwenye maandishi ya boksi, maana muuzaji anakusomea namba kubwa, anapokea hela, basi.

Namba kubwa hii hapa: 1200. Wamejumlisha kasi za masafa mawili, yaani njia mbili za hewani za waifai: megabiti 300 kwa sekunde za masafa ya gigahezi 2.4 na 867 za masafa ya gigahezi 5, wakaikuza jumla kidogo. Simu yako inashika masafa mamoja kwa wakati, na intaneti yenyewe inatoka mnarani. Mnara ukileta megabiti 20, huwezi kuvuka 20.

Masafa ya 5 yana kasi, ila ukuta unayamaliza. Nimeijaribu Mikindani, kwenye nyumba ya zamani yenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Chumba cha pili tu, 5 imekata; 2.4 imeendelea kusoma mpaka uani. Acha yote mawili yawake.

Sasa usalama, na hapa naomba msikilize. Tazama kioo cha simu yangu: WEP, WPA, WPA2. Hizi ni aina za kufuli la waifai, kuanzia la zamani. WEP ni ya 1997, na tangu 2001 wataalamu walishaonyesha jinsi ya kuivunja. Usiiguse. WPA ilikuja 2003 kuziba pengo, WPA2 ikafuata 2004. Hii imetoka kiwandani ikiwa kwenye mchanganyiko wa WPA na WPA2. Mimi naiweka WPA2 yenye AES, yaani njia imara ya kuficha data, peke yake. WPA3 ipo tangu 2018, hapa haimo, na kwa kifaa kinachouzwa kama kipya hilo naliona pungufu kubwa.

Geuza ruta chini. Unaona kibandiko? Hizo tarakimu nane ni PIN ya WPS, njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila. Tarakimu nane zinatisha, si ndiyo? Lakini ya mwisho inakokotolewa kutokana na zile saba, halafu ruta inakagua nne za mwanzo peke yake na kujibu kama ni sahihi. Kwa hiyo anayekisia ana majaribio 10,000 ya nne hizo na 1,000 ya tatu zinazofuata, jumla 11,000 tu, si milioni 100. Udhaifu huu ulitangazwa 2011. Ruta nyingine humfungia anayekosea mara nyingi, lakini usitegemee hilo. Nywila yako iwe ndefu namna gani, PIN ikipatikana, mtu kaingia. Zima WPS leo.

SSID ni jina la waifai yako tu. Kulificha hakukulindi, programu za kawaida zinalisoma hewani.

Na jamani, nywila ya waifai siyo ile ya kuingilia mipangilio. Wengi wanabadilisha ya kwanza, ya pili wanaiacha kama ilivyotoka kiwandani.

Wenye gesti, msimu wa korosho wageni wanajaa: washeni mtandao wa wageni, kompyuta ya kaunta ibaki kwenye mtandao wake. Hii inao, na umefanya kazi vizuri.

Kwa nyumba ya tofali ya vyumba vitatu, Shangani au Ligula, mimi naichukua. Kwa nyumba ya mawe, tafuta inayokubali kuongezewa kifaa cha pili cha kusambaza waifai. Na ukiikuta nyingine yenye WPA3 kwa bei inayokaribiana, chukua hiyo.