Mota ya geti langu Moshono: nusura niitupe bure

Nina mota ya geti la kuslaidi nyumbani kwangu Moshono, Arusha, mwaka wa nne sasa. Ni ya volti 24, na ndani yake kuna betri mbili za volti 12, kwa hiyo hata umeme ukikatika geti linafunguka. Miaka mitatu ya mwanzo sikuwa na neno nayo. Mwaka huu, mwezi wa nne, ikaanza kugoma.

Natoka zamu ya usiku, masika imepamba moto, nabonyeza rimoti. Geti linatembea kama mita moja, linasimama, linarudi. Nabonyeza tena, yale yale. Ndani mtoto keshavaa sare ananisubiri nimpeleke shule. Nashuka, nalowa chapachapa, nalisukuma kwa bega. Nimeishi hivyo wiki mbili nzima.

Fundi wa kwanza alifungua kifuniko, akaitazama bodi, yaani ubao wa saketi unaoiongoza mota, dakika mbili hazikufika, akasema, "Dada, hii mota imekwisha. Nikufungie mpya, milioni moja na laki mbili pamoja na ufundi." Sikuwa nazo, na nashukuru sikuwa nazo. Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja anayechomelea mageti huku huku kwetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ufunguo wa kuachia mota uko wapi?"

Bodi hakuigusa. Akazungusha ule ufunguo, mota ikaliachia geti, akaniambia nisukume. Nikasukuma kwa mikono miwili, likasogea kidogo huku likilia, likakwama. "Geti hili linatakiwa liende kwa mkono mmoja," akasema. "Wewe limekushinda, mota unaitaka iliweze?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mota hizi hupima nguvu zinazotumia. Geti likiwa zito kupita kiwango ilichowekewa, inajua kuna kitu kimebanwa, labda gari, labda mtu, basi inasimama au inarudi. Kwa hiyo wiki mbili zote nilizokuwa nailaani, ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa.

Akalinyanyua geti kwa jeki ya gari. Gurudumu la nyuma beringi yake ilikuwa imeshika kutu, haizunguki kabisa. Lilikuwa linaburuzwa, mpaka upande mmoja umelika ukawa bapa na unang'aa kama kisu kilichonolewa. Kwenye reli kulikuwa na tope na changarawe zilizokauka zikashikana. Na kosa jingine lilikuwa langu: kiangazi nilimwambia kijana wa nyumbani apake oili chafu kwenye reli, nikidhani nalisaidia geti. Ile oili ilinasa vumbi lote la barabara yetu, ikawa uji mzito. Reli haitaki mafuta. Inataka kufagiwa, basi.

Kwa kuwa gurudumu lilikuwa limelika, geti lilishuka, na ule mstari wa meno uliofungwa kwenye geti, ambao gia ya mota huusukuma, ukawa umeilalia gia hiyo. Yaani mota ilikuwa inazungusha na kubeba kwa wakati mmoja. Mzee akafunga magurudumu mapya mawili, elfu ishirini kila moja, akayainua meno mpaka sarafu ya shilingi mia ikapita kati yake na gia. Nafasi ya milimita moja hadi mbili inatosha. Akaangalia pia kile chuma cha kuzuia kilichochomelewa mwisho wa reli. Naomba kila mwenye geti la aina hii akiangalie leo, kwa sababu kikiachia, geti linapitiliza na kuanguka, na likimwangukia mtoto hatapona.

Kisha tukaifundisha mota upya mwanzo na mwisho wa geti, kwa kufuata kitabu chake.

Betri nazo zilikuwa hoi. Ukizipima zimepumzika, yaani hazichajiwi wala hazitumiki, betri nzima iliyojaa inasoma kama volti 12.7, zangu zilikuwa kwenye 11 na pointi. Ndiyo maana umeme ukikatika lilifunguka mara mbili tu likanyamaza. Nilibadilisha zote mbili kwa pamoja, maana ukichanganya nzee na mpya, ile nzee inaiua mwenzake.

Sasa kasoro za mota yenyewe, kwa haki. Mpira wa kifuniko ni mwembamba na umeshapasuka, na pale nyaya zinapoingilia waliacha tundu wazi. Nilipofungua nilikuta sisimizi wamehamia kwenye bodi na mayai yao, na mayai mawili ya mjusi pembeni. Wadudu wakipita kwenye saketi wanaweza kuiunguza. Nimezima umeme, nikasafisha kwa brashi ya rangi iliyo kavu, nikaziba tundu kwa silikoni. Kitasa cha ufunguo wa kuachia ni cha plastiki, nacho sikiamini.

Yale macho mawili ya pembeni yanayoona kama kuna mtu yanachafuka kwa tope linalorushwa na magari na kwa utando wa buibui. Geti likikataa kufunga, yafute kwanza kwa kitambaa laini kabla ya kumpigia mtu simu. Kuna mafundi wanaoyakata na kuunganisha nyaya moja kwa moja ili "lisisumbue". Usikubali hata kidogo. Mimi kila mwezi naweka ndoo katikati wakati geti linafunga, nione kama linasimama.

Mota hii hii ningeinunua tena, ina nguvu na haina kelele. Ila ningemwita mchomeleaji kwanza, kabla ya fundi umeme. Mzee amesema magurudumu yaangaliwe kabla ya masika ijayo. Nimeshaandika kwenye kalenda ya jikoni, mwezi wa pili.