Kocha aliyepandishwa ngazi: Marcus Freeman wa Notre Dame, nyota nne kati ya tano

Chuo kikimpandisha kocha msaidizi kuwa kocha mkuu, mashabiki wa futiboli ya Marekani hushangilia kana kwamba kombe limeshaletwa. Notre Dame, chuo cha South Bend, Indiana, ilikuwa hivyo Desemba 2021. Kocha mkuu Brian Kelly kahamia LSU, chuo cha Louisiana, na ndani ya siku chache timu kapewa Marcus Freeman, miaka 35, aliyekuwa amesimamia ulinzi msimu mmoja tu. Alipoingia chumba cha mkutano, wachezaji walimvamia kwa furaha utadhani bwana harusi.

Furaha ile ilikuwa na msingi. Akiletwa kocha wa nje, wachezaji hufungasha virago, na vijana wa sekondari walioahidi kuja huanza kupigiwa simu na vyuo vingine. Akipandishwa wa ndani, wengi hutulia. Walau hujauziwa mbuzi kwenye gunia.

Tatizo ni kwamba kusimamia ulinzi na kusimamia mechi nzima ni kazi mbili. Fiesta Bowl, mechi ya kufunga msimu na ya kwanza kwake, aliongoza 28-7 akafungwa na Oklahoma State 37-35. Msimu wa 2022 akaanza kwa kufungwa na Ohio State 21-10, kisha Marshall wakaja South Bend wakaondoka na 26-21. Mechi tatu, vipigo vitatu. Hakuna kocha wa Notre Dame aliyewahi kuanza hivyo.

Kosa linalofundisha zaidi ni la Septemba 23, 2023. Notre Dame wanaongoza 14-10, Ohio State wako yadi 1 kutoka mstari wa goli, zimebaki sekunde 7. Uwanjani walinzi ni 10 badala ya 11: mmoja wa mstari wa mbele hayupo. Pasi ya kwanza ikakosa. Jaribio lililofuata, bado 10! Chip Trayanum wa Ohio State akapenya, 17-14. Freeman hakuwa na taimu-auti (nafasi ya kusimamisha saa), akaogopa adhabu akimwingiza mtu wa kumi na moja. Hesabu hiyo haikuwa sawa: ukiwa yadi 1, adhabu inakula nusu yadi tu, halafu jaribio linarudiwa na watu wako wametimia. Adhabu ile ilikuwa bei ya kutupa.

Tunampa nyota nne kwa sababu anarekebisha. Ulinzi, fani yake mwenyewe, alimwachia Al Golden badala ya kuung'ang'ania. 2024 akamrudisha Mike Denbrock kuendesha mashambulizi. Kwotabeki, yaani warusha pasi, akawachukua waliokwisha kukomaa, Sam Hartman kutoka Wake Forest, kisha Riley Leonard kutoka Duke. Matokeo, ushindi kwa vipigo, 2022 hadi 2024: 9-4, 10-3, halafu 14-2 na fainali ya taifa, waliyofungwa na Ohio State 34-23.

Nyota ya tano imeliwa na mwanzo wa msimu. 2024 walifungwa nyumbani na Northern Illinois 16-14, ndipo wakashinda 13 mfululizo. 2025 walipoteza mbili za kwanza, ya pili kwa Texas A&M 41-40, wakashinda kumi zilizobaki, na bado wakaachwa nje ya timu 12 za mchujo wa ubingwa.

Kwa mnunuzi wa tiketi: kuanzia 2023 hadi 2025, Freeman hakupoteza mechi hata moja ya nyumbani baada ya Septemba. Nunua za Oktoba na Novemba, na ubebe koti zito; South Bend haina mchezo na baridi.